Mkanda Laini

Watu wa kiwanda walimwita Mama Mstari, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Lilitoka idara ya mauzo, baada ya kikao kimoja ambamo kila mtu alikuwa ameshakubali, chai imekwisha, watu wanakusanya simu zao waondoke, naye akanyoosha mkono akasema, "Samahani, mstari haujasema hivyo." Kikao kikaanza upya. Tangu siku hiyo walipomwona anakuja ukumbini na kompyuta yake kwapani walitazamana na kuguna, na yeye hakuwa na habari nao.

Kiwanda kilitengeneza mikanda ya usalama, ile wanayovaa wapaka rangi wa maghorofa na waosha vioo. Mtu anaipitisha mabegani, kiunoni na mapajani, anaifunga, anajikabidhi kwa kamba, anaachia miguu. Kazi ya Mama Mstari ilikuwa kujua mkanda unachakaa kwa kasi gani, ili lebo iliyoshonwa ndani imwambie mvaaji ukweli: vaa mpaka mwaka fulani, kisha utupe.

Juu ya paa la kiwanda palikuwa na fremu kubwa ya chuma iliyofungwa vipande vya mikanda, vikipigwa na jua na mvua mwaka hadi mwaka. Kila baada ya miezi kadhaa alipanda huko, akiwa amevaa raba za binti yake kwa sababu viatu vyake viliteleza kwenye bati, akakata vipande vichache na kushuka navyo chumba cha majaribio. Mle ndani kulinuka mafuta ya mashine na plastiki iliyopashwa moto. Mashine yenyewe ilikuwa na taya mbili za chuma, moja juu na moja chini. Ukiweka kipande katikati, taya zinakibana na kukivuta mpaka kinakatika, na kidude cha pembeni kinaonyesha kimekatika kwa kilo ngapi. Namba hiyo aliiingiza kwenye programu ya takwimu. Kila kipande kikawa nukta kwenye skrini. Programu ilipitisha mstari katikati ya nukta, ukishuka kadiri miaka inavyokwenda, na kandokando ya mstari ikachora utepe wa kijivu, maana hakuna mikanda miwili inayozeeka sawasawa. Chini kabisa kulikuwa na mstari mwekundu wa hatari. Pale ukingo wa chini wa utepe unapougusa huo mwekundu, hapo ndipo maisha ya mkanda yanapoishia.

"Kwa nini ukingo wa chini?" watu wa mauzo walimuuliza kila mwaka, kama vile jibu lingebadilika. "Mstari si uko katikati?"

"Katikati ni wastani. Nani kati yenu yuko tayari kuning'inia kwenye wastani?"

Alikuwa na ulimi, hilo halina ubishi. Alipochagua kusomea takwimu, baba yake mdogo alimuuliza kama siku hizi kubahatisha nako kunasomewa chuo. Akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba yeye baba mdogo kwa jinsi anavyoendesha duka lake angefaa kuwa mkuu wa chuo. Alinuniwa muda mrefu. Hata mume alimpata kwa ulimi huohuo. Kijana mmoja mpaka rangi alifika kiwandani kulalamika kwamba kifungo cha mkanda wake kinambana. Mama Mstari, wakati huo bado hajawa mama wa mtu, alikigeuza kile kifungo, akakipima, akamtazama mwenye nacho kutoka juu mpaka chini, kisha akasema kifungo hakina kosa, kosa ni kitambi. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata alirudi kulalamikia kifungo kingine.

Sasa kijana huyo alikuwa mume na mtu mzima, msimamizi wa kikosi kizima cha wapaka rangi, na wenzake walimwita Mwewe kwa sababu ukuta haumtishi. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe, kwa sababu wapaka rangi hao walikuwa na desturi yao. Mkanda mpya ni mgumu. Unakata kwapa, unachubua mapaja, unakufanya utembee kama roboti. Lakini ukikaa juani, ukalowa na kukauka, unalainika, unakuwa kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Kwa hiyo mikanda mipya walipewa wageni wa kazi, na mikanda laini ilikuwa cheo. Aliyekaa miaka mingi alivaa laini, msimamizi alivaa laini kuliko wote. Msimamizi wa zamani alipoacha kazi, alivua wake mbele ya kikosi kizima akamvisha Mwewe, na watu wakapiga makofi. Ulikuwa wa rangi ya chungwa siku za ujana wake. Sasa ulikuwa umepauka, una manyoyamanyoya, na Mwewe aliutundika sebuleni nyuma ya mlango kama wengine wanavyotundika picha ya harusi. Ile ya harusi ilikuwa chumbani.

Mama Mstari aliuchukia ule mkanda kwa moyo wake wote. Kila alipoupitisha mkononi, unga mweupe ulimbaki vidoleni, na unga ule aliujua. Ni nyuzi zenyewe zinazokufa. Ulaini ambao wanaume wazima walikuwa wakiupigia makofi ndio huo uchakavu anaoupima yeye. Alimwambia mumewe mara moja, mara ya pili, mara ya kumi. Mwewe alimbusu kwenye paji la uso akasema, "Mke wangu, wewe una kompyuta, mimi nina mgongo. Mgongo unasema mkanda ni mzuri." Hata hivyo lebo ilisema miaka miwili, na yeye, kwa manung'uniko mengi, alikuwa amekubali kwamba rangi ya jengo wanalolimaliza ikikauka ataustaafisha. Hivyo mambo yalikuwa yamekaa, si vizuri sana, lakini yamekaa.

Kisha mama yake Mwewe akavunjika nyonga, na Mama Mstari akaomba likizo ya kumuuguza. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyo: kuna watu wanangoja uuguze mgonjwa ndipo wafanye mambo yao.

Aliporudi kazini aliketi, akawasha kompyuta, akafungua mstari wake. Akavua miwani, akaifuta na upindo wa koti, akaivaa tena. Mstari ulikuwa umelala kama mtu aliyeshiba. Haukushuka. Ulielea kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tano, na ule mwekundu ulikuwa chini huko kama jirani asiyejulikana. Nukta za chini hazikuwepo.

Kuna kanuni moja katika kazi hii, nayo ni ya haki kabisa. Kipande kikikatikia pale pale kwenye mdomo wa taya, huwezi kujua kama kimekatika kwa udhaifu wake au kimeng'atwa na meno ya mashine. Namba ya namna hiyo haihesabiwi. Unaandika herufi T kando yake na programu inairuka. Mama Mstari alikuwa na T chache sana katika miaka yake yote. Sasa akashusha ukurasa na kuona T, T, T, zimejipanga kama siafu, na kila moja imekaa kando ya kipande dhaifu. Vipande alivyovikata yeye mwenyewe, akaviona kwa macho yake vikikatika katikati, mbali na taya, na unga wao ukamwagika mezani. Akainuka akaenda kumtafuta meneja wa ubora.

Meneja wa ubora alikuwa mtu wa kunukia vizuri, mwenye sauti ya kubembeleza, na neno lake kwa kila tatizo lilikuwa moja tu. Kwa hiyo wafanyakazi walimwita Usijali.

"Bosi, nani ameweka T kwenye vipande vya paani?"

"Ah, mama, karibu, pole na mgonjwa. Usijali. Nilisafisha kidogo tu ulipokuwa hospitali. Zile namba zilikuwa chafu."

"Chafu kivipi?"

"Ziko chini mno. Mkanda wetu hauwezi kukatika kwa kilo ndogo namna ile. Lazima ilikuwa taya."

"Ulikuwepo zikikatika?"

"Sikuhitaji kuwepo. Namba yenyewe inajieleza."

"Kwa hiyo kipande kikiwa na nguvu, kimepimwa vizuri. Kikiwa dhaifu, mashine imekosea."

"Sasa tunaelewana," akasema Usijali, akatabasamu. Hakusikia kabisa kwamba anasimangwa. Mtu akiamua kutia pamba masikioni huwezi kumtukana ukafaidi.

Mama Mstari akamuuliza vipande vyenyewe viko wapi, wavitazame pamoja, kila kimoja kimekatikia wapi. Vilikuwa vinajaza chumba, akajibiwa, vimetupwa. Na lebo mpya? Imeshapelekwa kushonwa, miaka mitano. Wajenzi wamefurahi sana, kwa sababu washindani wanaandika miwili. Yeye mwenyewe Usijali alikuwa amezunguka kwenye majengo kuwatangazia mafundi habari njema, hata wenye mikanda ya zamani waendelee kuivaa, ni mikanda ileile. Kilichobaki ni sahihi yake Mama Mstari kwenye ripoti, mambo ya utaratibu tu.

"Siweki."

"Mama, usijali, hakuna mtu atakayekulaumu."

"Sijasema naogopa kulaumiwa. Nimesema siweki. Ng'o."

Alitoka pale kwa hatua za haraka, na aliyekutana naye kwenye korido akampisha ukutani.

Nyumbani jioni ile alimkuta mumewe amejaa furaha tele. Usijali alikuwa amefika kwenye jengo lao mchana huo, akapanda juu ya pipa la rangi, akawaambia mkanda unadumu miaka mitano na kwamba unavyolainika ndivyo unavyomzoea mvaaji. Kikosi kilishangilia. Mwewe alikuwa ameurudisha mkanda wake nyuma ya mlango, na kustaafu kwake kumefutwa.

"Wa kwangu una miaka minne tu," akasema. "Kumbe bado kijana. Na wewe ulitaka nimzike mtoto wa watu mzima mzima!"

"Baba watoto, wamefuta namba zangu."

"Nani kafuta?"

"Bosi. Kila mkanda uliokatika mapema kausingizia taya, kaufuta. Iliyobaki ni ile migumu. Hata wewe ukifuta wote waliofeli, darasa zima limefaulu."

"Mama watoto, yule ni mtaalamu. Bosi wako mwenyewe. Kasimama mbele ya watu kasema mitano. Wewe ukisema miwili na yeye akisema mitano, mimi fundi rangi nimwamini nani?"

"Mkeo!" akapiga kelele, mpaka kikombe kikacheza kwenye sahani. "Mwamini mkeo! Nani anayepanda paani? Nani anaziona nyuzi zinavyokatika? Yule bwana hajui hata mashine inawashwa upande gani! Nimekwambia mkanda huo umekufa, umekufa, na wewe unauvaa kwa sababu watu walikupigia makofi!"

Mwewe hakuzoea kufokewa, na neno la makofi lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Akasimama, akashika kitasa cha mlango. Pengine angetoka na kurudi usiku wa manane, na mambo yangeishia kwenye kununiana, kama si mama yake. Bibi huyo alikuwa amelazwa kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili, na watu walikuwa wamemsahau.

"Mwanangu," akasema, "kwani mkanda ukivutwa kwenye hiyo mashine ya mkeo, unapungukiwa nini?"

"Mama, haya mambo ya kazi..."

"Nyonga yangu nayo nilisema nzima. Nilitembea nayo mpaka sokoni. Ilipopigwa picha ndipo nikaambiwa ilishaoza siku nyingi. Uvutwe tu. Ukiwa mzima utakuja kututambia hapa, na mkeo atakuomba radhi mbele yangu."

Hilo la kuombwa radhi lilimpendeza. Wakakubaliana kwamba mashine itaukaza mpaka kwenye kiwango cha usalama tu, ule mstari mwekundu, kisha itasimama. Mkanda mzima unavumilia kiwango hicho bila hata kunyooka. Atarudi nao begani.

Asubuhi Mwewe aliwapangia watu wake kazi kwa simu. Wataanza bila yeye upande wa mashariki, orofa za juu, atawakuta. Kisha akaingia chumba cha majaribio akiwa amechomekea shati, kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu aliyokwisha kushinda. Mama Mstari aliwasha mashine. Aliubana ukanda wa bega kwenye taya, akachora alama kwa chaki nyeupe karibu na taya ya juu na nyingine karibu na taya ya chini, ili baadaye pasiwe na porojo kuhusu umekatikia wapi. Akamsogeza mumewe nyuma ya kioo. Akabonyeza kitufe.

Mikanda mipya ikikatika hulia kama mlango uliobamizwa. Huu haukulia. Namba ilikuwa bado inapanda, haijafika hata nusu ya kiwango, na mkanda ukachanika kama shuka kuukuu, taratibu, katikati kabisa ya alama mbili za chaki. Unga mweupe ukashuka na kutua kwenye chuma.

Mwewe alitoka nyuma ya kioo. Akaitazama ile namba, kisha akajitazama tumbo, na mkewe alijua anapiga hesabu gani: uzito wake, ndoo ya rangi, na mruko mdogo ule anaoufanya akisogea kutoka dirisha moja kwenda jingine, ambao humfanya mtu awe mzito maradufu.

Mlango ukafunguliwa. Usijali alikuwa ameambiwa kuna mgeni ndani.

"Mama, wageni hawaruhusiwi huku," akaanza, kisha akaiona namba kwenye mashine, na kwa wepesi wa mtu aliyezoea akasema, "Hiyo ni taya. Weka T."

Hakuutazama mkanda. Hilo ndilo lililomkera Mama Mstari kuliko yote, na linakera mpaka leo ukilisimulia. Vipande viwili vilikuwa vinaning'inia mbele ya pua yake, kila kimoja urefu wa mkono mzima, chaki inaonekana, na mwenye mkanda amesimama pale akiwa na miguu yake miwili, na bado bwana yule hakugeuza shingo. Aliona namba ndogo na mkono wake ukatafuta kifutio.

"Mzee," akasema Mwewe. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kule ukutani, taya iko wapi?"

"Usijali, ndugu yangu. Haya ni mambo ya kitaalamu kidogo."

"Nakuuliza. Nikiwa nimening'inia orofa ya juu, mkanda huu ukachanika, utasema ni taya gani?"

Mama Mstari alikuwa ameshageuka. Alikaa kwenye kiti, akaingiza namba ya mkanda wa mumewe bila T, kisha akaanza kuzifuta zile T za Usijali, moja baada ya moja. Kila T ilipotoka, nukta ilirudi mahali pake, chini, na mstari ukashuka kidogo. T nyingine, ukashuka tena. Mwewe alisogea akasimama nyuma ya kiti chake, na akauona utepe wa kijivu ukirudi nyuma, mwaka wa tano, wa nne, wa tatu, mpaka ukingo wake wa chini ukagusa ule mwekundu pale miaka miwili inapotimia. Mkewe akahifadhi. Akahifadhi tena mahali pengine.

"Ukiituma hiyo hujui utakuwa umefanya nini kwa kiwanda hiki," akasema Usijali.

"Najua nimefanya nini. Nimepima mikanda."

Lakini Mwewe hakuwa akiwasikiliza tena. Alikuwa amekumbuka upande wa mashariki. Wazee wa kikosi, wale watatu waliokaa miaka mingi kuliko wengine, waliokwenda juu asubuhi ile kwa agizo lake, kila mmoja na mkanda wake laini, cheo chake. Akaipapasa simu mfukoni, akaiangusha, akaiokota.

"Uko wapi?" akasema. "Na wenzako? ... Nisikilize. Acheni brashi. Acha ndoo imwagike, nimekwambia acha. Shikeni fremu ya dirisha kwa mikono, usiegemee mkanda, usiegemee, unanisikia? Ingieni ndani kwa dirisha. ... Vunja! Vunja kioo, nitalipa mimi. Usiruke. Taratibu."

"Ndugu yangu, si vizuri kuwatia watu hofu kwenye simu," akasema Usijali pale mlangoni.

Mama Mstari alisimama akamshika mumewe mkono ule usio na simu, na wakasikiliza pamoja: upepo, kioo kikivunjika, mtu akitukana, kisha nyayo kwenye sakafu. Wa kwanza akasema nimeingia. Baadaye wa pili. Mwewe alibaki na simu sikioni, macho kwenye vile vipande viwili vya mkanda, akimngojea wa tatu.